Risasi ipi inafaa kwa mbawala?

Wakuu, shikamooni. Niko Liwale, Lindi, leseni ya kuwinda ninayo na bunduki yangu ni raifo ya kipimo cha .30-06. Msimu uliopita nilimpiga mbawala dume kwa risasi ngumu, hatua kama 80 hivi. Ikapita moja kwa moja, tundu dogo kama la msumari, naye akatokomea kichakani. Tulifuata matone ya damu mpaka jua linazama, tukamkuta bado anahema. Roho iliniuma.

Nimeshauriwa nitumie ya ncha laini, inayotanuka ikiingia mwilini. Kuna ya uzito wa greni 150 (kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) na ya 180. Kwa miombo yetu, ambako mnyama humwoni mpaka umkaribie, ipi inamaliza haraka bila kusaga nyama ya bega? Habari za kujijazia maganda ya risasi mwenyewe nyumbani tuziache, huku vifaa sijaviona.