Naomba ushauri: binti yangu amehama kanisa

Ndugu zangu, hamjambo. Niko Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Kadutu. Nyumbani kwetu ni Wakatoliki tangu enzi za nyanya. Rozari kila jioni, umeme uwepo usiwepo. Sasa binti yangu wa miaka 15 amehamia kanisa moja la uamsho, na Ijumaa anataka kukesha huko.

Mazuri yapo, siwezi kuficha. Tangu vita ilipoingia mjini mwezi wa pili 2025, mtoto alikuwa halali, anashtuka hata mlango ukigongwa. Kwaya ya kanisa lile ndiyo imemrudishia kicheko.

Lakini rozari ikianza anajifungia chumbani. Baba yake anasema nimkataze kabisa. Nyanya analia. Mdogo wangu aliye Brussels ananicheka: watoto wake hawaingii kanisa lolote, ila kila jioni wanakaa mezani na wazazi na kusimulia ya shule. Hilo limenichoma, maana sisi tunasali pamoja lakini hatuongei.

Mama na baba mliolea vijana wa umri huu: nimwachie kwaya, nikatae mkesha tu? Na nyanya nimwambieje?