Mkoa wa Zambezi, Namibia: malori yanapita, tembo wanapita, ng'ombe wa mwananchi marufuku

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Naishi Katima Mulilo, nimeoa huku, na wanayofanyiwa wakwe zangu yananitia uchungu.

Kwa wasioufahamu, Mkoa wa Zambezi ndio ule mkia mwembamba wa Namibia uliojipenyeza kati ya Angola, Zambia na Botswana hadi karibu kugusa Zimbabwe. Mpaka 2013 uliitwa Caprivi, jina la chansela wa Ujerumani. Na Waswahili tunahusika: mkataba wa 1 Julai 1890, uleule ambao Mjerumani alimwachia Mwingereza Zanzibar, ndio uliompa ukanda huu. Alitaka kuufikia Mto Zambezi ateremke nao hadi Bahari ya Hindi, kana kwamba Maporomoko ya Victoria hayapo njiani! Wasubia, Wafwe na Wayeyi hakuna aliyewauliza.

Mkataba huo unawaumiza hadi leo. Desemba 1999 Mahakama ya Kimataifa kule The Hague iliutumia kuamua kwamba kisiwa cha Kasikili, kwenye Mto Chobe, ni cha Botswana. Wasubia walikuwa wakilima pale. Novemba 2020 wavuvi wanne, ndugu watatu wa tumbo moja na binamu yao, wakauawa kwa risasi za wanajeshi wa Botswana kwenye mto huohuo. Jeshi likasema ni majangili. Kwao wanasema walikwenda kuvua.

Lakini kinachonichoma zaidi ni ng'ombe. Namibia ina uzio wa mifugo, wenyewe wanauita Mstari Mwekundu, na chimbuko lake ni sotoka, tauni ya ng'ombe, ya miaka ya 1890, enzi za Mjerumani huyohuyo. Kusini mwa uzio wafugaji wenye mashamba makubwa wanauza nyama hadi Ulaya. Kaskazini, hata ndani ya nchi yako nyama yako mbichi haivuki. Mama mkwe alimfungashia shemeji yangu anayesoma Windhoek nyama kwenye ndoo ya plastiki. Basi lilipofika geti la Mururani, kwenye uzio huo, abiria wote chini, mizigo ikafunguliwa, ndoo ikachukuliwa. Dogo akabaki na kifuniko mkononi. Halafu madukani hapa Katima nyama ya kutoka kusini inauzwa bila shida yoyote!

Sababu wanayotoa ni ugonjwa wa miguu na midomo, na kweli upo. Nyati wanaubeba na kuwaambukiza ng'ombe. Sasa nyati wanalindwa na nani? Na serikali hiyohiyo, kwa ajili ya hifadhi na watalii. Mlipuko ukitokea, hakuna kuhamisha mnyama wala kuuza, na baba mkwe anabaki na zizi limejaa huku ada ya shule inadaiwa. Usiku tembo wanamaliza mahindi. Mafuriko yakija, watu wa Kabbe, eneo la mabondeni mkoani humu, wanahama na watoto wao hadi maji yapungue. Mbele ya macho yao malori ya shaba ya Zambia na Kongo yanavuka daraja la Sesheke, mpakani na Zambia, lililofunguliwa 2004, yanakwenda zake bandari ya Walvis Bay.

Siasa nazo ndiyo basi tena. Tangu 2010 gavana anateuliwa na rais. Wananchi wanachagua madiwani tu. Ukipaza sauti unaonekana mtu wa kujitenga, kwa sababu ya shambulio la 2 Agosti 1999 mjini Katima, lililofanywa na waliotaka Caprivi ijitenge na Namibia. Baada ya shambulio lile watu zaidi ya 100 walifunguliwa kesi ya uhaini, na wapo waliosota rumande zaidi ya miaka 10 ndipo mahakama ikawaachia. Unadhani wazee wa hapa watathubutu kuandamana kwa ajili ya bei ya ng'ombe?

Na msiniambie hakuna njia. Nyama ikitolewa mifupa na tezi, ikakomazwa vizuri kwenye baridi kabla ya kuuzwa, hatari ya kusambaza ugonjwa inashuka mno, na wataalamu wa kimataifa wa mifugo wanalikubali hilo. Ugonjwa wenyewe hauui walaji. Wajenge machinjio inayofanya kazi mwaka mzima, wamruhusu mtu auze nyama ndani ya nchi yake mwenyewe, na gavana apigiwe kura.

Kama humu kuna daktari wa mifugo, au mfugaji wa Maun kule Botswana au Sesheke kule Zambia anayeishi na nyati na bado anauza, naomba aeleze wao wanafanyaje. Nitamtafsiria baba mkwe neno kwa neno.