Barua ya kazi imerudishwa kwa ajili ya "swash": naomba ushauri

Fundi, Leeds:
Ndugu zangu, salaam. Barua ya mwajiri wangu wa zamani wa Tanga inaeleza kwa Kiswahili kwamba nilikuwa nikitengeneza sahani za mshazari za pampu za haidroli. Ofisi inayoshughulikia CoS yangu (cheti cha udhamini wa mwajiri kwa viza ya kazi ya Uingereza) imeirudisha tafsiri ikidai kwamba kifaa hicho hakieleweki. Kazini wanakiita "swash plate", lakini kamusi yangu inasema "swash" ni kurusha maji au kutamba kwa majigambo. Je, niandike barua ya maelezo, au tafsiri yote ifanywe upya?

Mwalimu mstaafu, Reading:
Kijana wangu, maana ya maji ndiyo tuliyoifundisha katika jiografia. Wimbi likishavunjika, maji yanayopanda ufukweni ndiyo "swash"; upepo ukiyasukuma hupanda kwa mshazari, kisha hurudi yakifuata mteremko, na kwa mwendo huo mchanga husafirishwa kando ya pwani. Kila msimu wa kusi ukifika, natamani kuyaona tena pale Nyali.

Dada, Leicester:
Shikamoo Mwalimu, lakini umeiacha maana ya pili. Neno hilo liliigiza pia mlio wa pigo, na katika karne ya 16 mtu wa kugonga upanga kwenye ngao ndogo ili aogopwe akaitwa "swashbuckler". Hata Rosalind wa Shakespeare katika As You Like It, akijigeuza mwanamume, anaazimia kujionyesha kwa ukali wa namna hiyo. Pole, Fundi, tafsiri ya cheti changu cha ndoa nayo ilikataliwa kwa neno moja.

Mhandisi, Coventry:
Wapendwa, nyote mmeiacha maana inayohusika. Zamani mafundi wa Kiingereza walitumia "swash" kwa maana ya mshazari, na maana hiyo imebaki katika sahani ya pampu: pistoni huiegemea zikizunguka, zikiingia na kutoka, na mshazari ukiongezwa, mafuta yanayosukumwa huongezeka. Helikopta nayo hugeuza pembe za mapanga yake kwa sahani yenye jina hilo hilo. Herufi zenye mikia mirefu kwenye kadi za arusi pia huitwa hivyo. Ama wewe Dada, neno moja halitoshi kukataliwa. Pengine mfasiri hakuthibitisha usahihi, au hakuweka tarehe, jina kamili, saini na anwani.

Dada, Leicester:
Mhandisi, vyote hivyo vilikuwepo. Neno lilikuwa mahari, na ofisa alilielewa kuwa ni bei ya mke. Nilidaiwa tafsiri mpya, nikailipia.