Natumia projekta kufundisha grafu, darasa linafurahi sana, lakini kwenye jaribio wameanguka. Naombeni ushauri

MadamRukwa

Habari za jioni walimu wenzangu na wadau wote wa elimu.

Ni mwalimu wa Hisabati, mwaka wa sita kazini, shule ya kata mkoani Rukwa. Nina kidato cha tatu, na mkondo ninaouzungumzia hapa una wanafunzi 68. Umeme upo ila hukatika. Shule ina projekta moja, inakaa ofisini kwa mkuu wa shule. Laptopu ni yangu mwenyewe. Na walimu tuna vile vishikwambi tulivyogawiwa baada ya Sensa ya 2022.

Mwezi uliopita niliamua mada ya grafu za kipeo cha pili niifundishe kwa GeoGebra, programu ya kompyuta ya kuchora grafu. Nilijiandaa wiki nzima, usiku mpaka saa sita. Nikaweka y = ax² + c, nikatengeneza slaida za a na c, zile za kuburuta kwa mausi. Nikiburuta a kwenda kwenye hasi, grafu inapinduka na kutazama chini. Nikiburuta c, inapanda na kushuka. Darasa zima lilikuwa "ooooh!" Watoto ambao huwa wanalala vipindi vya mchana walisimama waone vizuri. Nilitoka pale nimefurahi kuliko siku yoyote tangu nianze kazi.

Wiki iliyofuata nikawapa jaribio la swali moja tu: chora grafu ya y = x² − 4, x ikianzia −3 hadi 3. Kati ya 68 waliopata ni 11. Kumi na moja! Wengine wameunga nukta kwa rula. Wengine mkia wa kushoto wa grafu umeshuka chini kabisa badala ya kupanda.

Mwalimu mwenzangu wa idara ameniambia nirudi kwenye chaki, niache kuwapotezea watoto muda. Imeniuma, kwa sababu ile furaha yao niliiona kwa macho yangu na siamini kwamba ilikuwa bure. Waliowahi kupita hapa, mlifanyaje?

---

KipimaPembe

Hongera kwa moyo huo madam. Nafuatilia uzi, hata mimi yamenikuta kwenye mada ya vekta.

---

ElimuKwanza

Mwalimu, samahani kama nitaonekana mkali. Mtihani wa kidato cha nne wa Hisabati hauna projekta. Hata kikokotoo hakiruhusiwi, mtoto anaingia na kalamu, penseli, rula, karatasi ya grafu na kitabu cha majedwali. Mwaka 2023 waliofaulu Hisabati kitaifa ni kama robo tu ya watahiniwa. Katika hali hiyo, dakika 80 za kuangalia grafu inayocheza ni dakika 80 ambazo mtoto hakushika penseli. Wape maswali kumi kila siku, sahihisha, rudisha. Mimi ndivyo ninavyofanya na matokeo nayaona.

---

BabuLogi

Mwanangu MadamRukwa, pole na hongera. Mimi nimestaafu, nimefundisha Hisabati miaka 34. Kabla hujailaumu projekta wala kuitetea, naomba ufanye jambo moja leo usiku. Zichukue tena zile karatasi za jaribio. Usitazame grafu, tazama jedwali. Pale penye x = −3, wameandika y ni ngapi? Hesabu mmoja mmoja, uniletee idadi hapa.

---

MadamRukwa

Shikamoo mwalimu.

Nimetoka kuhesabu sasa hivi na nimekaa nimeduwaa. Wanafunzi 41 wameandika −13. Yaani wamechukua −3, wakaikuza kwa kipeo cha pili wakapata −9, wakatoa 4. Tisa jedwali lao ni sahihi kabisa ila ndio walioshika rula. Saba hawakumaliza.

Kwa hiyo ule mkia ulioshuka hawakuuchora ovyo. Wamechora kwa uaminifu kile jedwali lao lilichowaambia. Nilipokuwa nasahihisha niliweka mkasi (alama ya kosa) kwenye grafu tu, juu kwenye jedwali sikuangalia.

---

BabuLogi

Marahaba mwanangu. Sasa umeona ugonjwa uko wapi.

Fikiria siku ile ya projekta. Nani alikuwa anatafuta y? Ni kompyuta. Nani aliunga nukta? Kompyuta. Yaani kazi mbili ambazo watoto wako hawaziwezi ndizo mashine iliwafanyia, haraka na kimya kimya, wakabaki na kazi ambayo haina shida, kutazama mkunjo ukipanda na kushuka. Walielewa walichoonyeshwa, nina hakika ukiwauliza c inafanya nini watakujibu vizuri. Ila hilo silo swali ulilowapa kwenye jaribio.

Ningekuwa mimi, ningegeuza mpangilio. Mtoto aanze, mashine imalizie. Akadirie kwa mkono umbo litakavyokuwa, hata kama atakosea. Ajaze jedwali. Aweke nukta. Ndipo uwashe projekta, na mashine iwe shahidi: nani kapatia, nani kakosea, na kakosea wapi. Mtoto ambaye ameshaweka jibu lake kwenye karatasi anaitazama ile picha kwa jicho tofauti kabisa na aliyekaa tu kusubiri aonyeshwe.

Na ndugu ElimuKwanza, sikupingi kuhusu penseli. Ila maswali kumi kila siku kwa mtoto anayeamini kwamba hasi tatu kipeo cha pili ni hasi tisa, ni kumzoesha kosa hilo mara kumi kila siku.

---

ElimuKwanza

Hilo la mwisho nimelipokea mzee wangu. Nitatazama majedwali ya wanafunzi wangu pia.

---

MwalimuWaMlimani

Nawasalimu kutoka Kisii, Kenya. Kwetu KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, inaruhusu kikokotoo chumbani, na bado kosa hili tunalo. Mtoto anabonyeza −3 kisha alama ya kipeo cha pili bila mabano, kikokotoo kinampa −9, naye anaandika kwa imani kwa sababu "mashine imesema". Kwa hivyo msidhani kikokotoo kingewaokoa.

Lakini hapo hapo pana somo zuri sana. Fungua GeoGebra mbele ya darasa, uandike -3^2 (alama ^ ndiyo kipeo). Itakupa −9. Kisha andika (-3)^2. Itakupa 9. Waulize ni kwa nini. Usijibu wewe! Waache wabishane hata robo saa.

---

JedwaliSafi

Naongezea kwa mwalimu wa Kisii. Ukiwa na Excel kwenye hiyo laptopu, andika =-3^2 na utashangaa, inakupa 9. Excel huishika ile hasi kwanza kabla ya kipeo, GeoGebra hufanya kipeo kwanza, kama kanuni ya hisabati inavyosema. Programu mbili, kompyuta moja, majibu mawili. Wanafunzi wangu waliona hivyo wakaelewa kwamba mashine haijui wewe ulimaanisha nini, inafuata ulichoandika. Tangu siku hiyo mabano wanaweka bila kuambiwa.

---

MamaWaDarasaLaTano

Mimi ni wa msingi, lakini ngojeni niseme neno kuhusu lugha. Huku tunafundisha kwa Kiswahili, na hata vipindi vya Ubongo Kids ambavyo watoto wamevizoea tangu vilipoanza TBC mwaka 2014 vinawafundisha hesabu kwa Kiswahili. Wakifika kwenu sekondari wanakutana na Kiingereza ghafla. Mtoto anaposikia maneno matatu ya Kiingereza mfululizo kwa ajili ya hiyo −3 kipeo cha pili, anasikia neno la hasi mwanzoni na anaamini jibu lazima liwe hasi. Dada, muulize kwa Kiswahili: "hasi tatu mara hasi tatu ni ngapi?" Utaona wengi wanajibu tisa papo hapo. Wanajua! Hawajui kwamba ndicho walichoulizwa.

---

FundiWaShule

Upande wa vifaa, mambo machache ambayo yamenisaidia.

GeoGebra ukishaipakua mara moja huhitaji bando tena, inafanya kazi bila intaneti, na ni bure kwa matumizi ya shule. (Ilianza mwaka 2001 kama kazi ya chuo ya Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, akaamua kuigawa.) Iweke kwenye vishikwambi pia, siyo laptopu tu. Ukiwaomba walimu wenzako wakuazime vishikwambi kwa vipindi viwili, unapata hata saba au nane, na hapo una makundi. Wanafunzi tisa kwa kishikwambi kimoja ni wengi, lakini si sawa na 68 wanaotazama ukuta mmoja. Halafu vina betri, umeme ukikatika somo linaendelea.

Kwa projekta: usiangazie kwenye ubao mweusi, tundika shuka jeupe, na madirisha ya upande wa jua yafunike kwa kanga mbili tatu. Kuza maandishi na nenepesha mstari wa grafu mpaka wewe mwenyewe ukikaa dawati la mwisho uone. Walimu wengi tunasahau hilo, tunapanga tukiwa tumeinamia laptopu.

Na jambo moja: mausi asiishike mwalimu. Mpe mwanafunzi.

---

MadamRukwa

Walimu wangu, nimerudi baada ya wiki mbili kutoa mrejesho, kwa sababu mlinipa muda wenu na sitaki kunyamaza.

Niliomba vishikwambi, nikapata saba. Projekta nikaiweka tayari ila nikaiacha imezimwa. Nikaandika ubaoni y = x² − 4, nikasema kila mmoja akadirie umbo lake kwa penseli, dakika tano, bila jedwali. Wengi walichora mstari ulionyooka. Kisha jedwali. Nilipozunguka nikaona zile −13 zimeanza kutokea tena, nikajikaza nisisahihishe. Nikaandika ubaoni majibu yote mawili, 5 na −13, nikauliza nani yuko wapi. Darasa likagawanyika.

Nikawasha projekta, nikampa kijana mmoja wa mbele kibodi. Akaandika -3^2, ikatoka −9. Upande wa −13 walishangilia mpaka nikaogopa tutasumbua darasa la jirani. Nikamwambia aandike kwa mabano. Ikatoka 9. Kimya.

Wakabishana. Wengine walisema kompyuta imeharibika. Nikauliza kwa Kiswahili kama MamaWaDarasaLaTano alivyosema, hasi tatu mara hasi tatu, na "tisa" ikaja kutoka kila kona. Ndipo binti mmoja wa nyuma, ambaye tangu Januari hajawahi kunyoosha mkono kwenye somo langu, akasema: "Madam, kumbe mabano ndiyo yanaishika ile hasi isibaki nje." Sikuongeza neno. Nimeyaandika maneno yake kwenye daftari langu la maandalio na mwakani nitaanza nayo.

Umeme ukakatika hapo hapo. Tukaendelea na vishikwambi. Kwa wale wa rula niliwaambia watafute y pale x ikiwa 0.5. Wakapata −3.75. Nikawaambia waisome hiyo nukta kwenye mstari wao wa rula kati ya (0, −4) na (1, −3). Mstari unasema −3.5. Kundi moja likarudia hesabu mara tatu wakidhani wamekosea. Kisha wakakuza grafu kwenye kishikwambi, wakaona mkunjo unapita chini ya mstari wao. Wakafuta wenyewe.

Jaribio la marudio nimewapa y = x² − 2x − 3, x kutoka −2 hadi 4. Waliofanya ni 66, waliopata ni 39. Wenye kosa la hasi kwenye jedwali bado ni 14.

Sasa mada inayofuata ni ya dunia kama tufe, latitudo na longitudo. Huko nako nifanye vilevile?

---

BabuLogi

Mwanangu, kutoka 11 hadi 39! Wale 14 usiwaache, wakalishe pembeni kwa nusu saa wiki hii kabla hujafungua mada mpya, maana hasi zitawarudia tena kwenye matrisi.

Kwa tufe, anza na chungwa. Kila kundi moja, na kalamu ya wino. Wachore ikweta, wachore na duara dogo karibu na kikonyo, kisha wapime yote mawili kwa uzi. Waulize: nyuzi 6 za longitudo kwenye ikweta na nyuzi 6 kule juu, umbali ni sawa? Wengi watasema ni sawa kwa sababu namba ni ile ile. Waache wapime. Kisha wahesabu: kwenye ikweta ni 6 × 60, maili za baharini 360. Kwenye latitudo 60 unazidisha kwa kosaini ya 60, zinabaki 180. Halafu wape ya nyumbani, Tabora na Tanga, zote tuseme ziko latitudo 5 kusini, moja longitudo 33 na nyingine 39 mashariki. Watapata kama kilomita 665 wakitumia nusu kipenyo cha kilomita 6,370. Baada ya hapo ndipo ufungue upande wa picha za pande tatu kwenye GeoGebra, ulizungushe tufe, walione lile duara dogo limekatwa ndani kwa bapa, yaani uso tambarare. Watakuwa wameshalishika mkononi.

---

MadamRukwa

Asante sana mwalimu, Mungu akupe afya. Machungwa nayanunua gulioni Jumamosi, na projekta nitaiomba Jumatatu asubuhi na mapema kabla mwalimu wa Jiografia hajaiwahi. Wale 14 nimewaita kesho baada ya vipindi.