Naomba ushauri, kijana amekubali kosa kortini bila kuelewa

Hamjambo wanagroup, naombeni msaada wa haraka. Kuna mama Muoromo kutoka Ethiopia tunapanga naye ploti moja hapa Eastleigh, Nairobi, huuza kahawa, sasa kijana wake alishikwa Jumanne usiku na karatasi yake ya kuomba hifadhi anayo, mi mwenyewe nimeiona, imekunjwa mara nne ndani ya nailoni mpaka tarehe ya mwisho imefutika pale kwa mkunjo. Askari wakasema haisomeki.

Jana akapelekwa kortini, shtaka ni kuwa nchini bila kibali, na mkalimani wa Kioromo hakuwepo. Huyu kijana Kiswahili chake ni cha kununua mkate tu. Aliulizwa kitu akajibu "ndiyo", alidhani anaulizwa kama ni Muethiopia, kumbe amekiri kosa. Hukumu ni Jumatatu. Mamake hajalala, anashikilia tu hiyo nailoni.

Nimesoma Katiba kifungu cha 50, mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti anafaa kupewa mkalimani bila malipo, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza mtu kurudishwa kwenye hatari. Kesho asubuhi nampeleka mama Kituo cha Sheria, lile shirika la msaada wa kisheria, tutafute wakili.

Maswali yangu: kabla ya Jumatatu anaweza kubadilisha hilo jibu, na wakili aanzie wapi? Na ile karatasi, nani wa kuthibitishia korti kwamba bado iko sawa? Aliyewahi kupitia haya tafadhali aniambie leo.