Ushauri: Spring Boot, nihame Tomcat niende Undertow?

Mpiga_Kodi
Habari wakuu. Nina mfumo wa SACCOS moja, umejengwa kwa Spring Boot 3.3 (fremu ya Java) juu ya Java 21, na unaendeshwa na Tomcat, seva ya wavuti inayokuja nayo. Siku za kawaida unakwenda vizuri. Mishahara ikishatoka, wanachama wote wanaingia kuangalia salio, na hapo ndipo balaa: maombi yananing'inia nusu dakika kisha yanaleta hitilafu. Bosi kasoma mahali kwamba Undertow, seva nyingine ya aina hiyo, ni nyepesi kuliko Tomcat, anataka tuhame wiki hii hii. Nimeongeza spring-boot-starter-undertow kwenye pom.xml (faili la dipendensi, yaani maktaba ambazo mradi unazitegemea), lakini nikiuwasha mfumo, logi bado inasema "Tomcat started on port 8080". Tatizo liko wapi? Na kuhama kwenyewe kuna faida?

FundiBomba
Mkuu, Tomcat inaletwa na spring-boot-starter-web. Hutaiondoa kwa kuongeza nyingine pembeni. Ndani ya ile dipendensi ya web weka exclusion (agizo la kuiacha nje) ya spring-boot-starter-tomcat. Zikiwepo zote mbili, Spring Boot inachukua Tomcat kimya kimya wala hailalamiki.

Ukimaliza piga `mvn dependency:tree` uone orodha ya dipendensi. Usione tena tomcat-embed-core. Ukiona tomcat-embed-el usishtuke, hiyo inavutwa na starter ya Undertow yenyewe.

Halafu mipangilio yako yote ya `server.tomcat.*` itabaki pambo tu. Undertow ina ya kwake, `server.undertow.threads.worker` na wenzake.

Bint_Pwani
Kabla hujahama: Spring Boot 4, iliyotoka Novemba 2025, imeitoa Undertow. Toleo hilo linataka Servlet 6.1 (kiwango cha Java ambacho seva hizi hufuata), na Undertow haikuwa imeifikia. Utahama leo, kesho utarudi. Kama bosi kang'ang'ania jina jipya, mpe Jetty, nayo ni seva ya aina hiyo.

Mzee wa Logi
Nyote mnajibu swali la bosi, mimi nauliza la mgonjwa. Hiyo "nusu dakika" ni sekunde 30 kamili? Tafuta kwenye logi neno Hikari, ile maktaba inayogawa miunganisho ya hifadhidata.

Mpiga_Kodi
Duh. Limejaa: "HikariPool-1 - Connection is not available, request timed out after 30001ms".

Mzee wa Logi
Basi Tomcat haina kosa. Bila kuigusa inatoa hadi thredi 200 (kila moja inahudumia ombi moja kwa wakati), na inapokea miunganisho 8192. HikariCP usipoigusa ina miunganisho 10 tu ya kwenda kwenye hifadhidata, na anayesubiri anavumiliwa sekunde 30. Kumi wanahudumiwa, waliobaki wanapanga foleni. Kubadili seva hapo ni kupanua geti la stendi wakati basi ni lile lile.

Swali: ile metodi ya salio inafanya nini zaidi ya kusoma salio?

Mpiga_Kodi
Kodi nimeirithi, ndiyo naifungua sasa. Ina @Transactional (yaani yote yaliyomo ni muamala mmoja wa hifadhidata), inasoma salio, inaandika kumbukumbu, kisha humo humo inaita huduma ya kutuma SMS na kungoja jibu.

Mzee wa Logi
Umempata mwizi. Muda wote SMS inapongoja jibu, muunganisho umeshikwa. Toa SMS nje ya muamala, itumwe baada ya kazi ya hifadhidata kufungwa. Ndipo uangalie kama kuna haja ya kuongeza:

`spring.datasource.hikari.maximum-pool-size=20`

Kwa kiasi lakini. Hifadhidata ya PostgreSQL kwa kawaida inaruhusu miunganisho 100 kwa jumla, na kila nakala ya programu yako inakula fungu lake.

FundiBomba
Na asije mtu akamwambia awashe `spring.threads.virtual.enabled=true` (thredi pepe, nyepesi za Java) ndiyo dawa. Ukiiwasha, ule ukomo wa thredi 200 haufanyi kazi tena, kwa hiyo foleni ya Hikari itarefuka zaidi. Ni kitu kizuri, ila si kwa ugonjwa huu.

Dogo_Terminal
Nidandie uzi wakuu. Mimi nipo nyuma ya Nginx (seva ya mbele inayopokea maombi na kuyapeleka kwenye programu) yenye HTTPS, lakini mtu akishaingia programu inamrusha kwenye anwani ya http. Tomcat hiyo hiyo.

Bint_Pwani
Weka `server.forward-headers-strategy=framework`, na hakikisha Nginx inatuma X-Forwarded-Proto, kichwa kinachosema ombi lilikuja kwa http au https. Bila hiyo ya pili, ya kwanza haina cha kusoma.

Mpiga_Kodi
Mzee, SMS nimeitoa kwenye muamala. Kwenye seva ya majaribio nimeiga msongamano ule ule, mstari wa Hikari hauonekani tena. Bado ni pool ya miunganisho 10, sijaigusa. Bosi anauliza Undertow imefikia wapi.