Kifafa cha mbwa: fenobabitoni au bromaidi kwa nyumba ya mtu wa zamu?

Mkaazi_Raskazone
Wakuu, naombeni ushauri. Mbwa wetu ni jike, chotara wa German Shepherd, miaka mitatu, kilo 24 hivi. Kifafa kilimwanza mwaka jana, kikawa cha nadra, sasa ni kila mwezi, na juzi kimemwangusha mara mbili siku moja. Miguu inapiga kasia, mate na mkojo vinamtoka, akizinduka anagongana na kuta kwa muda kisha anarudi kuwa yeye. Daktari wa mifugo kampima damu, sukari na ini viko sawa, dalili za sumu hakuna. Katuambia tuchague dawa moja ya kuzuia kifafa, fenobabitoni au potasiamu bromaidi. Mimi ni mtu wa zamu bandarini, mke wangu yuko dukani Ngamiani hadi jioni. Nyumba kama hii inafaa ipi?

BintiMakorora
Pole sana kaka. Kusubiri hakupo tena hapo: vifafa viwili ndani ya miezi sita, au viwili ndani ya saa 24, vinatosha kuanza dawa, na wako ana vyote.

Sisi tunatumia fenobabitoni. Uzuri wake haichelewi, kiwango chake kwenye damu hutulia kama wiki mbili tangu kuanza. Ugumu wake ni saa, kwa sababu inatakiwa kila baada ya saa 12. Sisi tunafuata adhana, ya alfajiri na ya magharibi. Zinapishana na saa 12 kidogo tu, daktari wetu karidhika. Wiki za mwanzo mbwa hulewalewa, hunywa maji sana, hula kama hajawahi kula. Msiogope, kulewa huko hupungua. Ini lake ndilo la kuangaliwa, damu ipimwe tena kila miezi sita hivi.

Mzee_wa_Pongwe
Naitetea bromaidi kidogo. Inatolewa mara moja kwa siku pamoja na chakula, haisagwi na ini, na huondoka mwilini polepole mno, hivyo ukichelewa saa chache hakiharibiki kitu. Lakini polepole hiyo hiyo ndiyo kasoro yake: bila kipimo kikubwa cha kuanzia, hufikia kiwango chake baada ya miezi miwili mitatu. Kwa mbwa anayeanguka mara mbili kwa siku, muda huo ni mrefu.

Kubwa zaidi ni chumvi. Figo hazitofautishi sana chumvi na bromaidi. Mbwa akila chumvi nyingi, dawa inatolewa nje na mkojo na kifafa kinarudi. Chumvi ikipungua ghafla, dawa inapanda, utamwona anapepesuka miguu ya nyuma. Kwangu Pongwe namdhibiti, anakula ugali na nyama niliyopika mwenyewe. Raskazone je? Atashuka ufukweni anywe maji ya bahari, jirani amrushie kichwa cha ng'onda, leo kala dagaa wa chumvi, kesho hakula. Kwa makazi yako mimi nisingeianza.

MamaChui
Jamani, na mafuta ya nazi? Nimeambiwa yanatuliza ubongo.

Afisa_Mifugo_Muheza
Dada, kuna lishe yenye mafuta ya aina maalumu, yanayoitwa ya mnyororo wa kati, iliyowasaidia baadhi ya mbwa, lakini wakiwa bado kwenye dawa zao. Mafuta ya nazi tunayokamua nyumbani yana sehemu ndogo tu ya mafuta yale, na mafuta mengi humletea mbwa ugonjwa wa kongosho. Usiyaweke mahali pa dawa.

Mkaazi, dawa yoyote utakayochagua, shika haya. Akianguka, tazama saa. Kikipita dakika tano ni dharura, apelekwe hapo hapo. Mwombe daktari diazepamu, dawa ya kukatiza kifafa kinachoendelea, ya kuweka njia ya haja kubwa uwe nayo nyumbani. Mwili hupanda joto sana wakati wa kifafa, na joto letu la Tanga linazidisha, kwa hiyo mmwagie maji na washeni feni. Mdomoni usitie mkono wala kijiko, mbwa hamezi ulimi. Fenobabitoni usiikatishe ghafla hata akikaa mwaka bila kuanguka.

Na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiwe karibu. Mtaani mbwa mwenye mapovu hupigwa mawe kabla hajaulizwa. Waeleze majirani mapema: wa kifafa huzinduka akarudi hali yake, wa kichaa huzidi kuharibika hadi kufa ndani ya siku chache.

Mkaazi_Raskazone
Nawashukuru mno. Habari ya chumvi imeniamulia, kwa sababu huyu kila siku yuko ufukweni na watoto. Tunaanza fenobabitoni, alfajiri atampa mke wangu, magharibi kijana wetu mkubwa. Tukipitiwa dozi moja tunafanyaje?

BintiMakorora
Mpe mara unapokumbuka, inayofuata irudi kwenye saa yake. Ikiwa saa ya inayofuata imeshakaribia, mpigie daktari kwanza. Mbili kwa pamoja usimpe. Na nunueni za mwezi unaofuata kabla za mwezi huu hazijaisha, kwani duka la dawa halikupi bila cheti cha daktari.